UZI: Vitu vidogo alivyotunza askari kijana wa vita ya ukombozi. Mlio na masanduku ya wazee Moshi na Arusha, msichome wala msiuze kabla hamjasoma hapa

MLETA UZI

Wakuu salaam. Naandika kutoka Old Moshi, uzi utakuwa mrefu na nitaupandisha kidogo kidogo, wasimamizi naomba msiuhamishe jukwaa.

Hoja yangu iko hivi. Huku kwetu kuna wazee wengi waliingia jeshini wakiwa vijana wadogo kabisa miaka ya sitini na sabini, wakapelekwa kusini, Mtwara, Newala, Nachingwea, Tunduru, enzi hizo Msumbiji wanapigana na Mreno. Sasa wanaondoka mmoja mmoja. Na mzee akishazikwa, siku ya kugawa vitu vyake macho yote yako kwenye kihamba (shamba la migomba la familia), ng'ombe, redio na lile koti zuri. Kile kisanduku cha bati cha chini ya kitanda kinafunguliwa mwisho kabisa, wanakuta kichana, kitambaa, sarafu isiyojulikana ya wapi, barua zimetafunwa na mende, mtu anasema toa huo uchafu, unaenda kuchomwa pamoja na majani makavu ya mgomba. Au anakuja dalali wa vitu vya kale kutoka Arusha mjini, anachagua sarafu na beji, barua anaziacha. Mimi nasema hapo tumechoma mtu, na nitaeleza kwanini nasema hivyo.

Sanduku ninalolizungumzia ni la baba mkubwa wangu. Alizaliwa 1948, akaingia jeshi 1967, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Korogwe. Bahati nzuri ni kwamba kabla hajafa alikaa na sisi watoto wake akatuambia kila kitu kilichomo ni cha nini. Familia nyingi hazikupata hiyo bahati ndio maana nimeamua kuandika.

MDAU WA USA RIVER

Endelea mkuu tuko pamoja. Ila weka kwanza historia kidogo, vijana wa siku hizi wakisikia vita wanajua ya Kagera tu. Hiyo ya kusini hata shuleni wanapita juu juu.

MLETA UZI

Kweli kabisa ndugu yangu, ngoja niweke kwa kifupi.

FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane. Lakini moto ulianza kabla. Tarehe 16 Juni 1960 pale Mueda, kwenye nyanda za juu za Wamakonde, Wareno walifyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Vijana wengi wa kaskazini mwa Msumbiji wakaona maneno yamekwisha. Vita yenyewe ikaanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la sehemu inaitwa Chai huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ikaenda mpaka makubaliano ya Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru tarehe 25 Juni 1975. Miaka kumi porini wakuu!

Na sisi tulikuwa ndio uwanja wa nyuma. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar tangu 1963 mpaka 1994. Kambi zilikuwa Kongwa na Nachingwea, sehemu zilezile ambazo Mwingereza alijaribu mradi wake wa karanga baada ya vita kuu ya pili na ukamshinda. Hata Moshi msijione mko mbali, mwezi Februari 1963 mkutano mkubwa wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia ulifanyika hapahapa mjini Moshi, wageni wa kila rangi walishuka kwenye huu mji wetu wa kahawa.

JWTZ yenyewe ilikuwa changa, imeundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya yale maasi ya wanajeshi ya Januari, na vijana walichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Hawa ndio waliokwenda kukaa mpaka wa mto Ruvuma. Na pale mpakani haikuwa lelemama, Mreno alikuwa anatega mabomu ya ardhini upande wetu na ndege zake zinaingia, wanavijiji wa kusini walikufa na kulemaa kwa vita ambayo watu wa huku kaskazini tuliisikia redioni tu. Pale Naliendele, Mtwara, kuna makaburi ya mashujaa wetu, askari wa Tanzania waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Ukipata nafasi ya kwenda kusini nenda pale, mnara wa Mnazi Mmoja peke yake hautoshi.

Sasa turudi kwenye sanduku.

Cha kwanza ni barua za bibi. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alikuwa anaenda kwa mwalimu wa shule ya msingi anamwambia maneno kwa Kichaga, mwalimu anaandika kwa Kiswahili, na ukizisoma unaona kabisa sehemu ambayo mwalimu kaongeza heshima zake za kishule na sehemu ambayo bibi kamkatalia kamwambia andika kama nilivyosema. Barua zinaongelea kahawa, KNCU (ushirika wa wakulima wa kahawa) imelipa au haijalipa, ng'ombe kazaa, mdogo wako kafukuzwa ada, unakula nini huko. Anuani ni sanduku la posta la jeshi tu, bibi hakujua mwanae yuko kijiji gani. Stempu zimeandikwa nchi tatu pamoja Kenya, Uganda, Tanzania, kama zilivyokuwa enzi za Jumuiya ile ya kwanza. Kuna moja ya Februari 1969, bibi kasikia kwa watu wenye redio kwamba mkubwa wa Msumbiji ameuawa Dar kwa bomu lililokuwa ndani ya kitabu. Ni kweli, Mondlane aliuawa tarehe 3 Februari 1969. Bibi hajui Mondlane ni nani, anachouliza ni kama mwanae naye anafungua vifurushi vinavyotumwa kwa posta, na anamkataza asifungue chochote isipokuwa kimeandikwa na mwalimu yule yule kwa mkono ule ule. Nimesoma vitabu vya historia vya kutosha kuhusu kifo cha Mondlane lakini hakuna kilichonionyesha hofu ya mzazi wa kijijini kama hiyo karatasi moja.

MDAU WA MARANGU

Aisee hapo kwa bibi nimelia jamani. Mama yangu naye alikuwa anaandikiwa barua na katekista.

MLETA UZI

Pole dada, na hizo kama bado zipo usiziache kwenye mfuko wa rambo, nitakuja huko kwenye kutunza.

Cha pili ni kitambaa cha mkono cheupe kimedariziwa maua kwenye kona na herufi mbili. Alipewa na msichana wa kijiji cha Kidia kabla hajaondoka. Msichana huyo hakuja kuwa mama mkubwa, aliolewa na mtu mwingine wakati baba mkubwa yuko kusini, na mama mkubwa alijua, na ndiye aliyekuwa anakifua na kukipiga pasi miaka yote. Nampa heshima sana mama yetu yule. Baba mkubwa alisema alikibeba kwenye mfuko wa shati kipindi chote na hakukitumia kujifutia jasho hata siku moja.

Cha tatu kitabu kidogo cha nyimbo cha Kilutheri, kimevimba kwa maji ya mvua, ndani kuna picha ya studio ya Moshi mjini, yeye na rafiki yake wamesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, wamevaa suruali pana, ni siku chache kabla ya kuripoti. Ukimwangalia ni mtoto. Ndevu hana. Tunapozoea kuwaona hawa watu kwenye sherehe wakiwa wazee wenye medali tunasahau walikuwa hivi.

Cha nne kikombe cha bati cha rangi nyeupe na mdomo wa bluu, chini kimekwaruzwa alama ya pembetatu kwa msumari ili kisichanganywe na vya wenzake. Cha tano sarafu ya escudo, pesa ya Wareno, upande mmoja imeandikwa MOÇAMBIQUE, alipewa na mpiganaji aliyerudi kutoka ng'ambo ya mto.

Na cha sita ndicho kilichonifanya nianzishe huu uzi. Ni kichana cha mpingo, cha kuchonga kwa mkono, meno marefu, kwenye mshikio kuna sura ya mtu amefumba macho. Alikichonga kijana wa FRELIMO, Mmakonde wa kutoka upande wa Mueda, umri wake ni kama wa baba mkubwa. Walikuwa wanaelewana kwa Kiswahili bila shida, maana Wamakonde wengi wa Msumbiji walikuwa wanakuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baba wa huyo kijana alikuwa mmoja wao, kwa hiyo Kiswahili alikikuta nyumbani. Walikaa jirani majira moja ya mvua. Wanacheza bao, wanagawana sigara, huyu anasimulia theluji ya Kibo, yule anasema wewe unanidanganya.

Alafu ikaja amri ya kundi lake kuvuka mto. Usiku wa kuondoka akamletea kichana, akamwambia nitunzie, nikirudi nakidai. Hakurudi kukidai. Baba mkubwa alimngoja kusini, akaja nacho Moshi, akakitunza mpaka uzeeni na hakukichania nywele hata mara moja kwasababu hakikuwa chake.

Na jina la huyo kijana hakulijua. Wapiganaji wengi wa ukombozi walipewa majina ya vita ili mmoja akikamatwa asitaje ndugu za wenzake, na kutembea na picha ya mama yako au barua yenye anuani ni kumwekea alama mama yako kule kijijini kwa askari wa siri wa Mreno. Kwa hiyo baba mkubwa alilijua lile jina la kambini basi. Kijana yule hana kaburi tunalolijua. Ukikitupa hicho kichana hapa Kilimanjaro hakuna tena kitu kinachosema kwamba kulikuwa na kijana mmoja mwenye mikono ya ufundi namna ile aliyetoka Mueda, aliyekataa kuamini theluji.

MDAU WA SAKINA

Mkuu hii sehemu ya majina imenigusa. Ndio maana vitu vya wapiganaji wa msituni ni vichache. Nilisoma kuhusu wanajeshi wa Kireno waliokuwa kule Msumbiji, wale walikuwa na karatasi nyepesi za kukunja za barua, zinaitwa aerograma, zilianza kutolewa 1961 na jumuiya ya wanawake wa kwao, askari anatuma bure bila stempu. Nao walikuwa vijana wa vijijini wamelazimishwa kwenda, sasa huko Ureno familia zina maboksi ya hizo barua na picha. Upande wa mnyonge hakuna kitu. Mwisho wa siku historia itaandikwa kwa karatasi za nani?

MDAU WA UNGA LTD

Samahani ila mimi sioni kwanini tuwaongelee Wareno kwa huruma hapa. Walikuja kuua watu.

MLETA UZI

Ndugu wa Unga Ltd hasira yako ni halali, watu wa Mueda hawakumkaribisha mtu. Ila ndugu wa Sakina hajawasafisha, amesema kitu cha kweli. Vijana walewale wa Kireno walichoka na hiyo vita, na tarehe 25 Aprili 1974 ni jeshi lao lenyewe lililoiangusha serikali ya Lisbon, ndani ya miezi mitano mkataba wa Lusaka ukasainiwa. Barua zao za kuchoka zinasaidia kueleza hilo. Nami nataka barua za bibi yangu ziwe na uzito uleule mezani.

Na msidhani karatasi ni kitu kidogo. Angalieni majirani zetu Kenya. Wazee wa Mau Mau walisema kwa miaka kwamba waliteswa makambini na walikuwa hawasikilizwi, mpaka 2011 Uingereza ikakiri kuwa ina mafaili ya makoloni yamefichwa sehemu inaitwa Hanslope Park. Mwezi Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ushuhuda wa wazee uliposimama pamoja na karatasi ndipo mambo yakasogea.

MDAU WA USA RIVER

Hoja nzito. Sasa swali la kiutendaji. Kwanini hivi vitu visipelekwe makumbusho moja kwa moja? Arusha tuna Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni, yamejaa mambo ya harakati.

MLETA UZI

Makumbusho nayaheshimu na nimeshawapeleka wanafunzi pale Kaloleni, jengo lenyewe ndipo viongozi wa TANU walikaa 1967 kulijadili Azimio. Kuna pia mpango wa serikali wa kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika, ofisi yake iko Dar. Familia isiyoweza kutunza ipeleke huko, idai hati ya makabidhiano yenye saini, kitu kwa kitu.

Ila naomba mnielewe. Kichana kikienda peke yake bila maneno ya baba mkubwa, kitawekwa kwenye kioo kiandikwe kichana cha Kimakonde, mpingo, karne ya ishirini. Basi. Pale maduka ya vinyago Arusha kuna vichana vya mpingo kibao, watalii wananunua kila siku, kwa macho huwezi kutofautisha. Kinachokitofautisha ni yule kijana wa Mueda, na yule kijana alikuwa anaishi kwenye mdomo wa mtu mmoja tu ambaye tumeshamzika. Kwa hiyo kabla ya makumbusho, kabla ya kabati, kabla ya chochote, maneno yachukuliwe. Simu kila mtu anayo. Mweke mzee kwenye kiti chake anachopenda, asubuhi akiwa hajachoka, mpe kitu kimoja mkononi akishike, alafu nyamaza. Usimuulize tarehe. Wazee ukianza na tarehe wanaona kama mahojiano ya polisi wanafunga mdomo, muulize nani alikupa hiki, mlikuwa mnakula nini, mvua ilikuwaje, tarehe zitakuja zenyewe au mtazipata kwenye mihuri ya posta.

Na vitu visitenganishwe. Kwetu wadogo zangu walitaka kila mtu achukue kimoja cha kumkumbukia baba, ni wazo la upendo kabisa lakini nililikataa kwenye kikao. Kikombe kikienda Dodoma, kitambaa kikienda Mwanza, barua zikabaki Moshi, baada ya kizazi kimoja kila mtu ana kitu kisicho na maana. Vikikaa pamoja vinaelezana, muhuri wa barua unakwambia mwaka aliokuwa Newala, escudo inakwambia kikosi cha akina nani kilikuwa jirani.

MDAU WA MARANGU

Sasa tuambie kutunza kaka. Nilikuwa nataka nipeleke barua za mama mjini wazilaminishe.

MLETA UZI

Usilaminishe dada yangu tafadhali! Ile plastiki inashikana na karatasi kwa moto na haitoki tena, na wino wa zamani unaweza kuharibika humo ndani. Piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa dirishani, alafu karatasi yenyewe iweke kwenye bahasha kavu za karatasi, sio nailoni, huku kwetu kwenye migomba unyevu ni mwingi, nailoni inatoa jasho. Zisikae kwenye ukuta wa jikoni wala juu ya sakafu. Nyuma ya picha andika kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Picha zilizoshikana na kioo cha fremu usizibandue kwa nguvu, zipige picha hivyohivyo kupitia kioo.

Vyuma visisuguliwe. Najua tunapenda king'ae, lakini ukisugua beji au sarafu kwa mchanga au dawa ya shaba unaondoa ngozi yake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu laini, imetosha. Yale madoa kwenye kikombe cha baba mkubwa ni ya chai ya kule, nani kasema yatoke?

Mawili ya hatari. Ukikuta risasi ambayo sio ganda tupu, au kitu cha chuma usichokielewa, usiguse, usitikise, toa watoto nje, nenda kituo cha polisi waambie waje. Na sare za jeshi, raia haruhusiwi kisheria kuzivaa, kwa hiyo msimvalishe kijana shati la babu kwenye sherehe kwa nia njema mkaingia matatani. Mkikuta sare nendeni kwenye kambi ya jeshi iliyo karibu mkaulize utaratibu wa kuzikabidhi.

MDAU WA HIMO

Mimi ni mwanamke, nina swali. Mnazungumza vijana wa kiume tu. Babu yangu mzaa mama alihudumu Tunduru, anasema waliokuwa wanabeba mizigo na risasi kuvuka Ruvuma wengi walikuwa wasichana. Ana kipande cha kanga anasema ni cha mmoja wao.

MLETA UZI

Dada wa Himo umefungua mlango ambao nilikuwa sijaufikia. Babu yako yuko sahihi kabisa. FRELIMO ilianzisha kikosi cha wanawake 1967, wakipewa mafunzo ya silaha Nachingwea, na wanawake na wasichana ndio walibeba shehena kichwani kwa siku nyingi za kutembea, chakula, dawa, risasi, na wakirudi wanaleta majeruhi na watoto. Josina Machel alikuwa mmoja wa viongozi wao, aliolewa na Samora Mei 1969 hukohuko Tunduru, akafariki Dar tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, na Msumbiji mpaka leo tarehe hiyo ni siku ya wanawake. Yeye tunamjua kwa jina. Huyo mwenye kanga ya babu yako hatumjui.

Naomba kujua babu bado anaongea vizuri? Hiyo kanga ina maandishi? Aliipataje?

MDAU WA HIMO

Anaongea vizuri sana asubuhi, jioni anachoka. Maandishi yamefutika yamebaki maneno mawili. Aliipataje hajawahi kutuambia na sisi hatukuwahi kumuuliza, tulikuwa tunaogopa ni mambo ya ujana wake bibi atasikia vibaya.

MLETA UZI

Muulize dada. Na kama bibi yupo muombe ruhusa kwanza yeye, kwa heshima, unaweza kukuta anajua siku zote kama mama mkubwa wangu alivyojua. Kama babu atapenda kuwa na mtu aliyewahi kusikia habari za kule, mimi niko tayari kushuka Himo Jumamosi asubuhi na kaka yangu, tutakuja na ile picha ya studio na kikombe, labda akiviona atafunguka. Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe binafsi, jibu huko tupange saa. Chaji simu mbili, moja ya kurekodi sauti tu.